Viatu vya Gofu vya Mama Wangechi

Juzi nilikuwa nimekaa hapa mtaa wa Ayany kwa kibanda ya viazi, kijana mmoja akapita na viatu nyeupe za gofu. Mpya. Zinang'aa kama meno ya karani wa benki. Lakini kijana anachechemea. Nikamwita.

"Kijana, hizo viatu ulinunua saa ngapi?"

Akaniangalia vile watu huangalia mtu anaongea na ng'ombe. "Saa ngapi aje, mzee? Nilinunua jana."

"Jana saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Basi pole. Ulinunulia mguu ya asubuhi, na saa hii uko na mguu ya jioni."

Alienda akicheka, na akichechemea. Ndio nikaona niandike hii maneno, maana nyinyi vijana ukiwaambia kitu na mdomo mnasema mzee amelewa. Ikiwa kwa karatasi mnasema ni kitabu.

Mimi nilikuwa kedi, yaani ule mtu wa kubebea wacheza gofu begi ya vyuma na kutafuta mpira kwa majani. Klabu ni ile imepakana na Kibera, upande mmoja nyasi imenyolewa kama kichwa ya askari, upande mwingine mabati. Niliingia hapo kama nimemaliza darasa la saba na nikatoka kama magoti imekataa. Kedi wenzangu waliniita Redio, kwa sababu nilikuwa sina mahali pa kuzimwa. Memba wengine walikuwa wananiomba kabisa, "Redio, leo wacha nipige kimya." Nilikuwa nawaambia sawa, halafu naendelea.

Kazi ya kedi inakufundisha mambo mawili. Ya kwanza ni viatu. Wewe unatembea nyuma ya watu siku nzima, utaangalia nini kingine? Ya pili ni saa za bei rahisi. Yote mawili nilimfundisha mtu mmoja, na huyo mtu alinilipa vile mtasikia. Alikuwa landlady wangu, mwenye nyumba niliyopanga.

Mama Wangechi alikuwa na ploti Kawangware, nyumba za mbao zimepangwa mstari mstari, na sisi wa kutoka Western tumejaa ndani. Mafundi, wauza mboga, makedi. Yeye mwenyewe alikuwa mama mkubwa, mguu mpana wa kulima, mwenyekiti wa mambo mengi kanisani. Jumapili alikuwa anatuombea, Jumatatu anatudai. Hatukuwa na ubaya naye. Shida ilikuwa maji. Ploti haikuwa na mfereji wa maji ya bomba. Wanawake walikuwa wanashuka mtoni na madebe, wanapanda na hiyo kilima ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha wanashuka bila kutaka.

Nafula, jirani yangu wa ukuta moja, alikuwa anasema hivi: "Redio, mimi shingo yangu imekuwa fupi tangu nije Nairobi. Nikirudi nyumbani mama yangu hatanijua."

Sasa, kulikuwa na ofisi ya mambo ya maji huko mjini, na kwa hiyo ofisi kulikuwa na Mkubwa. Yeye ndiye wa kusema bomba ipite wapi. Mama Wangechi alienda kwa hiyo ofisi mpaka askari wa mlango akaanza kumwuliza habari za watoto. Kila wakati jibu ni moja: Mkubwa ameenda field, yaani kazi ya nje.

Jioni moja alirudi amechoka, akaketi kwa ngazi ya nyumba yangu, akavua kiatu, akasema, "Huyu mtu hiyo field yake iko wapi, Uganda?"

Nikamwambia, "Mama, hiyo field mimi naijua. Iko na mashimo kumi na nane na bendera."

Kwa sababu nilikuwa namwona. Kila Alhamisi, saa kumi ikigonga, Mkubwa yuko klabu, peke yake, na viatu za rangi mbili.

Mama Wangechi akanyamaza kabisa. Landlady akinyamaza jua anapiga hesabu. Halafu akasema, "Redio, unapenda hii nyumba yako?"

"Naipenda, Mama."

"Basi nifundishe hiyo gofu."

Nafula alikuwa anapepeta mchele hapo. Alicheka mpaka mchele ikamwagika. "Mama Wangechi! Utachapa mpira na hiyo mkono ya kuchapa wapangaji?"

"Na wewe Nafula," akamjibu, "siku maji itakuja utakuwa wa mwisho kwa laini."

Ndio nikaanza kufikiria saa za bei rahisi. Sikizeni, hii ni ya bure. Mtu mpya kwa gofu kosa yake ya kwanza ni kutaka Jumamosi asubuhi. Jumamosi asubuhi ni ya watu wamezaliwa na begi. Bei iko juu, na ukipiga vibaya kuna foleni nyuma yako inakohoa. Mtu mpya anaenda saa ile hakuna mtu mwingine anataka. Baada ya mvua. Saa ya joto, watu wakiwa wamelala na chakula. Jioni, saa ya mbu, mgeni alikuwa analipa nusu kwa mashimo tisa. Na kushinda hizo zote ni Jumatatu asubuhi, kwa sababu Jumatatu klabu ilikuwa inafunga na makedi walikuwa wanacheza bure.

Bure! Mama Wangechi aliposikia hiyo neno, macho ikawaka kama taa ya karabai.

"Lakini ni ya makedi tu, Mama."

"Basi mimi ni kedi."

Nilimpeleka kwa bosi wa makedi, mzee mmoja mkali wa kofia ya sufu. Huyo mzee akamwangalia kutoka chini mpaka juu, na ilikuwa safari. "Mwanamke hawezi begi," akasema. "Hizo vyuma ni nzito."

Mama akaweka kikapu chini. Alitoa mukwa kwa kikapu, ile kamba ya ngozi wanawake wa Kikuyu hupitisha kwa paji la uso wakibeba kuni. Akafunga begi ya kwanza. Akafunga na ya pili. Akaweka mgongoni, kamba kwa kichwa, mikono imebaki bure, akatoa sindano na uzi akaendelea kufuma sweta. Akazunguka mashimo mawili akarudi, sweta imeongezeka.

Bosi wa makedi alivua kofia akajikuna. "Mpeni beji."

Hivyo ndivyo mama mwenye ploti Kawangware akapata beji ya kedi, na kila Jumatatu asubuhi tukawa tunacheza bure. Makedi wengine walinuna kidogo, halafu Mama akaanza kuleta githeri, ile mahindi na maharagwe, wakaacha kununa. Na wacha niseme ukweli, alikuwa na mkono. Mtu amelima na jembe miaka hiyo yote, unamwambia shusha chuma polepole, acha kichwa chini, fuata na mwili: anakuuliza tu, "Kama jembe?" Ndio, kama jembe. Mpira ikaenda mpaka tukaacha kuifuata na macho.

Alichokosa ni subira. Alhamisi moja alimwomba bosi wa makedi ampe begi ya Mkubwa. "Nitamwambia njiani," akasema. "Kwani nangoja nini? Nimempata."

Nilimkataza. Kedi haongei na mtu mambo ya kazi yake, hiyo ni sheria ya kwanza. Hata mimi, na nilikuwa Redio.

Hakusikia, begi akapewa. Shimo la tatu, mimi niko mbali kidogo na begi ya mtu mwingine, nikamsikia. "Mkubwa, mimi niko na ploti Kawangware, na hiyo mambo ya maji..."

Mkubwa hakugeuka. "Kedi, nipe chuma saba."

Mama akampa tano, ile ya kupeleka mpira mbali zaidi. Mimi najua alijua tofauti. Mkubwa akapiga na roho safi, na mpira ikapita kijani, ile nyasi ya bendera, ikapita miti, ikapita ua, ikaenda Kibera. Tukasikia ikigonga bati ya mtu, halafu matusi ya Kiluo.

Siku hiyo akaambiwa asibebe begi ya Mkubwa tena. Tukarudi Kawangware tukipitia njia ya ndani. Karibu na ploti tukakutana na Nafula na debe kichwani.

"Mmemwambia?"

"Tumemwambia."

"Akasema?"

"Akasema apewe chuma saba."

Nafula akaangalia juu, na debe haikusonga. "Haya. Nitapika hiyo."

Ndio Mama akaamua. Kama kedi haongei, basi atakuja kama mchezaji, Alhamisi, saa ya mbu, alipe nusu kama mgeni. Klabu ilikuwa na sheria moja nzuri kwetu: watu wawili wakifika pale pa kuanzia, kila mtu peke yake, wanaunganishwa. Huwezi kukataa. Kwa hivyo shida ilibaki moja. Jumatatu makedi tulikuwa tunacheza na raba, na njumu za mpira wa miguu, kuna jamaa alikuwa anacheza na akala za tairi na hakuna mtu alisema kitu. Lakini mgeni wa kulipa, hata wa nusu, lazima viatu za gofu, na lazima ziwe safi. Kulikuwa na karani mmoja hapo kwa kibanda cha kuanzia, yeye kazi yake yote ilikuwa kuangalia miguu.

Sasa tumefika kwa viatu, na hapa mtulie.

Mama alitangulia peke yake kwa duka moja mjini. Asubuhi, na soksi ya kanisa, ile nyembamba. Wakamletea viatu za wanawake, nyembamba kama ndizi, na ule ulimi wa ngozi umekatwa katwa juu ya kamba kama kifagio. Muuzaji akamwekea poda kwa kisigino, akasukuma. Kiatu ikaingia nusu ikakataa kuendelea. Ikakataa pia kurudi. Aliniambia wale watu walivuta kiatu wawili, mmoja ameshika mguu na mwingine amemshika huyo mwenzake kiuno.

"Redio, kwani wazungu walikuwa wanacheza na miguu ya nani?"

Nikampeleka kwa Fundi Rajabu, Makina huko Kibera, nyuma ya msikiti. Huyo mzee wa Kinubi alikuwa anatengeneza viatu za nusu ya hiyo klabu, na wao wenyewe hawakujua, kwa sababu makedi ndio walikuwa wanampelekea. Tukaenda na jozi moja tulipata kwa bosi wa makedi, iliachwa na memba mmoja wakati wa kurudi kwao Ulaya. Ya mwanaume, kahawia na nyeupe, ngozi nzuri. Tulifika jioni, na ilikuwa makusudi, maana nilikuwa nimemtembeza Mama kwa miguu kutoka Kawangware. Mguu imeshavimba vile itavimba kwa raundi.

Fundi Rajabu akamwambia avae soksi nzito. Akabonyeza mbele na kidole gumba: lazima kidole gumba ikae kati ya mguu na mwisho wa kiatu, kwa sababu ukiteremka mlima mguu inateleza mbele. Akashika kisigino akamwambia asimame kwa ncha za vidole: kisigino isitoke. Akakunja kiatu: ikunjike hapo mbele, isikunjike katikati kama karatasi. Akafungua meno ya chuma ya chini, moja moja, kuona kama inafunguka, kwa sababu meno isiyofunguka ikiisha umenunua slipa.

"Upande huu inabana kidogo," Mama akasema. "Lakini itazoea."

"Mama, wewe una nyumba za kupangisha?" Fundi akauliza.

"Ninazo."

"Unaweza kulazimisha watu wanane kwa chumba moja?"

"Kila mwezi. Na hakuna mmoja amepasuka."

Fundi Rajabu akanitazama mimi, mpangaji. Nikainamisha kichwa. Akachukua kiatu akaitia kibao ndani, akailowesha hapo kando, akaipanua siku kadhaa. Na ile kifagio ya ngozi ya juu alitaka kuikata, Mama akakataa. "Wacha hiyo. Hiyo ndiyo inaonyesha ni ya gofu."

Nikamwonya mambo mawili tu. Kiatu ya gofu inaoshwa siku hiyo hiyo, udongo isikaukie kwa meno. Na usiikaushe kwa jiko. Mimi jozi yangu ya kwanza niliweka kando ya jiko usiku moja, asubuhi imekunjamana kama omena, wale dagaa wakavu. Unaijaza magazeti, unaiweka kivulini, unangoja. Nilisahau kumwonya jambo la tatu, kwa sababu sikufikiria mtu mwenye akili atalifanya.

Alivaa kutoka nyumbani.

Alhamisi hiyo alitoka kwa ploti amevaa, kacha, kacha, kacha, kwa barabara ya murram, kwa mawe, kwa lami ya Ngong Road. Alitaka Kawangware yote ione. Na iliona. Watoto walimfuata. Mwuza makaa mmoja akamwambia, "Mama, umepigiwa kwato wapi, na mimi nipeleke punda?" Alipofika klabu, meno ilikuwa imeisha, laini kama ya mzee. Mpira wa kwanza akazunguka, miguu ikaenda mbele, Mama akabaki nyuma. Alikaa chini kwa nyasi na kishindo nilikisikia kwa magoti yangu. Mkubwa hata alikuwa hajafika. Tukarudi.

Fundi Rajabu akatia meno mpya, akamkataza kuvaa njiani tena. Tangu hapo Mama alikuwa anabeba viatu kwa kiondo, ile kiondo yake nzuri ya kubebea Biblia, na kuvaa akifika.

Alhamisi iliyofuata tukawa pale mapema, mimi na begi, yeye na rinda ya kanisa na viatu zinang'aa. Karani wa miguu akaangalia, akatafuta makosa, akakosa. Mkubwa akaja. Peke yake. Karani akasema, "Mtaunganishwa na huyu mgeni."

Mkubwa akamwangalia. "Wewe si yule kedi wa chuma tano?"

"Hiyo ilikuwa ile siku. Leo nimelipa."

"Sawa," akasema, na akacheka kwa pua. "Basi nitakusaidia. Kila shimo nakupunguzia pigo moja. Sitaki kusumbua mama wa watu."

Yeye alidhani ni heshima. Mama Wangechi akaona ni diskaunti, na huyo mama hakuwahi kukataa diskaunti tangu abatizwe. "Asante sana, Mkubwa. Mungu akuongeze."

Shimo la kwanza akajaribu tena. "Mkubwa, hiyo maji ya Kawangware..."

"Mama, hapa hatuongei kazi. Njoo ofisini."

"Ofisini wanasema umeenda field."

"Ndio niko hapa."

Basi. Mama akapiga mpira. Na vijana, nimebebea watu wengi begi, lakini hiyo jioni sijaisahau. Kulikuwa kumenyesha. Pale pa kuteremka kwa kijito Mkubwa alikuwa anashika miti kama mlevi, kwa sababu viatu zake za rangi mbili meno ilikuwa imeisha na hakuna mtu alimwambia aangalie chini. Mama anateremka kama mbuzi. Akichukua shimo moja, Mkubwa anachukua moja. Mpaka tukafika shimo la tisa, la mwisho, na wako sawa.

Mkubwa akamaliza. Mama akabakiwa na mpira ya kusukuma tu, urefu wa mlango ya nyumba yangu. Akiingiza, ameshinda.

Nikamsogelea kama naangalia nyasi. "Mama," nikamnong'oneza, "kosa hii."

"Nini?"

"Kosa. Mwache ashinde. Atafurahi, atakununulia soda, utamwambia maji. Ukimshinda huyu, hiyo bomba tutaisahau."

Aliinuka akaangalia Mkubwa, amesimama hapo na mikono mfukoni, anapiga mluzi. Akaangalia viatu zake. Nikaona anafikiria Nafula na ile kilima. Nilifikiria nimemshawishi.

"Redio," akasema polepole, "nilifunga begi mbili kwa kichwa. Nikavutwa mguu na wanaume wawili. Nikakaa chini mbele ya watu. Nije nikose?"

Akasukuma. Ikaingia katikati, na ile sauti ya mpira ikianguka kwa kikombe nilisikia kama mlango unafungwa.

Mkubwa alimpa vidole viwili vya kusalimia akaenda.

Nafula alikuwa anatungoja kwa lango. "Maji?"

"Alishinda," nikasema.

"Nimeuliza maji."

"Kwa shimo la mwisho kabisa, Nafula, ungeona vile..."

"Nitaosha watoto na hiyo kushinda? Mama Wangechi, nikuletee sabuni?"

Mama aliingia kwake akafunga mlango. Viatu zilibaki nje kwa ngazi na tope yake, na ndio mara ya kwanza niliona hajaziosha. Tuliamini imekwisha. Wapangaji wengine walianza kusema mambo ya kuhama.

Lakini kuna kitu sikuwa nimehesabu, na mimi ni mtu wa klabu. Karani wa miguu alikuwa ameona. Na karani akiona, baa imeona. Wiki iliyofuata Mkubwa akiingia, memba wanamwuliza, "Bwana, leo unacheza na nani, mpishi?" Akiagiza kinywaji, wanamwambia kedi wake yuko wapi amlipie. Huyo mtu akawa hana raha. Akaniita kando ya ua.

"Redio. Mwambie yule mama aje Alhamisi turudie."

Nikapeleka maneno. Mama Wangechi alikuwa anachambua mboga. Akaangalia viatu pale kwa ngazi, udongo mwekundu umekauka kama saruji. "Mwambie siwezi. Viatu ni chafu."

Nikarudisha. Mkubwa akasema, "Si aoshe?"

Nikapeleka. Mama akasema, "Mwulize nitaosha na nini."

Nikarudisha. Mkubwa akaguna. "Hapa klabu kuna mfereji. Aje aoshee hapa."

Nikapeleka. Mama akaweka kisu chini. "Mwambie mimi nabeba viatu kwa kiondo ya Biblia. Siwezi kutia tope kwa neno la Mungu. Na kuvaa njiani nilikatazwa na fundi."

Nilitembea hiyo wiki mpaka mimi mwenyewe nikahitaji Fundi Rajabu. Nilimwambia Mkubwa hayo ya mwisho. Nyuma yake, kwa veranda, kuna mtu alikuwa anaita, "Umepata mama wa kukufundisha?" na wengine wanacheka.

"Hiyo ploti," Mkubwa akaniuliza, "iko upande gani wa Kawangware?"

Lori ya mabomba ilikuja. Mkubwa mwenyewe alisimama hapo barabarani na viatu za rangi mbili, anahimiza wachimbaji kama mtu nyumba yake inaungua. Mfereji ikawekwa kwa lango ya ploti, ikakohoa, ikatoa hewa, ikatoa tope, halafu ikatoa maji. Wanawake walipiga vigelegele. Nafula alikuwa wa kwanza kwa laini, na madebe yote mawili.

Mama Wangechi akatoka na viatu zake mkononi.

"Ngojeni kidogo."

"Mama," Nafula akasema, "kiatu inaoga kabla ya mtoto?"

"Si nilikuambia utakuwa wa mwisho?" Lakini alikuwa anacheka. Akaosha kila jino na mswaki, mbele yetu sote, hana haraka.

Alhamisi wakarudia. Mkubwa hakupunguza pigo hata moja, na alikuwa amenunua viatu mpya. Akampiga Mama Wangechi vibaya, mpaka karani akamwonea huruma. Mama alipoteza mpira kijitoni, akapoteza mwingine kwa miti, na njia yote anatabasamu kama mtu yuko harusini. Mkubwa akamnunulia soda, akamsalimia na mkono mzima, veranda yote ikaona.

Njiani nikamwuliza, "Mama, ulikuwa unamwachia?"

"Maji si imeingia? Nishinde tena ya nini?"

Mwisho wa mwezi akapita nyumba kwa nyumba, vile alikuwa anapita siku zote, na kitabu kidogo kwapani. Rent, kodi ya nyumba, imepanda. Yangu pia.

"Mama!" nikasema. "Mimi pia?"

"Nyumba sasa iko na maji, Redio."

"Lakini mimi ndiye nilikuonyesha Jumatatu. Mimi ndiye nilikupeleka kwa Rajabu. Hiyo wiki ya kubeba maneno nimemaliza soli. Sipati hata diskaunti?"

Aliketi kwa ngazi, pale pale aliketi ile siku ya kwanza, akanifikiria vizuri. Alikuwa mwanafunzi mzuri, hiyo siwezi kumnyima.

"Unaipata," akasema. "Wewe mwenyewe ulinifundisha. Bei rahisi ni saa ile hakuna mtu mwingine anataka. Sasa kuna ile nyumba ya mwisho, inayoangaliana na choo. Hiyo hakuna mtu anataka."

Nafula, upande wa pili wa ukuta, alicheka mpaka akakohoa.

Nilihamia huko Jumatatu asubuhi.